Uchagulie Mwani Mahali pa Kuota

Kila mwenye tangi la samaki sebuleni anaujua ule utando wa kijani. Jumamosi unakwangua kioo mpaka kinang'aa. Jumatano wageni wakija, unawaambia wasogee karibu ndipo wawaone samaki. Unapunguza saa za taa, unasogeza tangi mbali na dirisha, unanunua konokono. Utando unarudi. Kwenye tangi langu la lita 200, lenye samaki kumi na wawili aina ya mbuna, nilipigana nao miaka miwili kabla ya kutambua kwamba nashindana na kitu kisichochoka.

Mwani unaota kwa sababu chakula kipo na mwanga upo, na penye samaki chakula chake hakikosekani. Kuuzuia usiote ni kazi bure. Unachoweza ni kuuchagulia pa kuota, na hapo ndipo kichujio cha mwani kinapoingia: kipande cha wavu wa plastiki kilichoning'inizwa juu au nyuma ya tangi, maji yakiteremka juu yake usiku na mchana, taa kali ikiwaka ubavuni. Mwani unapapenda pale kuliko kwenye kioo chako. Unaota kwa fujo, na kila baada ya siku kadhaa unachomoa wavu, unauvuna. Ukiwa na fundi bomba mvumilivu na Jumamosi moja isiyo na harusi wala msiba, unaweza kukiunda mwenyewe. Haya hapa niliyojifunza, mengine kwa gharama ya zulia.

1. Fuata chakula kinakokwenda

Unamwaga chembe za chakula, samaki wanakula, wanajisaidia. Humo mnatoka amonia, ambayo ni sumu kwao. Bakteria waliojishikiza kwenye sponji ya filta wanaigeuza kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, kisha wengine wanaigeuza kuwa nitrati, ambayo ina nafuu kubwa. Filta ya kawaida safari yake inaishia hapo. Nitrati na fosfeti vinabaki ndani ya maji vikirundikana hadi siku utakayomwaga maji na kuweka mengine. Hata ule uchafu unaoonekana umenaswa kwenye sponji bado uko ndani ya maji, unaoza humo humo. Ni sawa na kufua shuka na kulisuuza katika beseni lile lile la povu.

Mwani unafanya tofauti. Unaifyonza amonia yenyewe kabla haijafika mbali, unafyonza nitrati na fosfeti, unavigeuza vyote kuwa mwili wake. Ukiuvuna na kuutoa nje, uchafu umetoka nje ya nyumba. Wanaolima mwani Paje na Jambiani, Zanzibar, hawamwagi mbolea baharini. Maji ya bahari ndiyo yanayoulisha mwani kwenye kamba, na siku ya kuvuna, kile ulichokinyonya majini kinapanda ufukweni pamoja nao. Tangi lako ni hivyo hivyo, ila shamba ni la ukubwa wa kiganja na mbolea ni ya bure.

Shika hili kabla ya kununua chochote, maana ndilo linalosahaulika: wavu uliojaa mwani usiovunwa haujakusaidia kitu. Kuvuna ndiko kunakosafisha.

2. Mzee Adey apewe haki yake

Wapo vijana watakaokuuzia kichujio hiki kama uvumbuzi wa mwaka jana. Walter Adey, mtafiti wa Smithsonian kule Washington, alipata hataza yake Marekani mwaka 1982. Alikuwa amesoma miamba ya matumbawe ya Karibi na kuona jinsi mwani mfupi kama nyasi unavyokua haraka pale mawimbi yanapoupiga na samaki wakiutafuna bila kupumzika. Akaiga mambo hayo mawili. Badala ya mawimbi, ndoo inayojaa maji na kupinduka juu ya wavu. Badala ya samaki, mtu mwenye kikwaruzo. Tangi kubwa la matumbawe lililofunguliwa Townsville, Australia, mwaka 1987 lilitumia njia hiyo kusafishia maji yake.

Ndoo ya kupinduka ina kelele, na familia haitakuvumilia. Watu wa majumbani wakaiacha, wakachukua maporomoko ya maji. Ndiyo nitakayoyaeleza.

3. Pima chakula, si tangi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuliza, "Tangi la lita 200 linataka wavu wa ukubwa gani?" Tangi la lita 200 lenye samaki watatu na tangi la lita 200 lenye samaki thelathini ni vitu viwili tofauti kabisa. Mwani unakula kile samaki walichokula, kwa hiyo hesabu inaanzia kwenye kopo la chakula.

Kanuni inayotumika sana ni hii: kwa kila gramu 3 hivi za chembe kavu unazomwaga kwa siku, au mchemraba mmoja wa chakula kilichogandishwa, weka wavu wa sentimita za mraba 75 unaomulikwa pande zote mbili. Ukimulika upande mmoja tu, zidisha mara mbili. Azima mizani ndogo ya jikoni, pima unachowapa kweli kwa siku, usikisie. Mimi niliapa kwamba nawapa gramu 3. Mizani ikasema 6. Kumbe watoto nao walikuwa wanawalisha wakirudi shule.

Gramu 6 ni sentimita za mraba 150: wavu wa upana wa sentimita 10 na urefu wa 15. Ni mdogo kuliko daftari la mwanafunzi. Kishawishi cha kukata mkubwa zaidi "ili ufanye kazi vizuri" kipo, nami nakuomba ukishinde. Wavu mkubwa kuliko chakula kilichopo unaota madoa madoa, rangi ya kuchuja, na hauna nguvu ya kukinyang'anya kioo chochote.

4. Wavu uwe mkali kama ganda la fenesi

Hapa ndipo vichujio vingi vya mkononi vinapofia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tafuta ule wavu mgumu wa plastiki wa kudarizia nyuzi za sufu, wenye matundu ya milimita 3 hadi 4. Maduka ya vifaa vya kushonea huwa nao. Usikubali wavu wa chuma wa aina yoyote, hata ukiambiwa haushiki kutu. Shaba na zinki vikiyeyuka majini, hata kwa kiasi kidogo, vinaua konokono kwanza, kisha samaki. Chandarua nacho hakifai, ni laini na matundu yake ni madogo mno.

Ukishaupata, unakuta ni laini na unateleza. Hivyo ulivyo, mwani utaushika siku tano, kisha uzito wa maji utauvua wote kama soksi. Lazima uuparuze. Chukua jino la msumeno wa chuma, au ile bapa ya drili ya kutobolea matundu makubwa kwenye mbao, ukwaruze pande zote mbili, huku na huku, mshazari, mpaka nyuzi za plastiki zinyanyuke kama miba. Msasa hautoshi, unasugua tu, hauchimbi. Ukipitisha kiganja na kikasita, kama kwenye ganda la fenesi, umefika. Kikiteleza, rudi kazini.

Kazi hii inachukua nusu saa na inatoa vumbi la plastiki linalokera. Fanyia nje, kisha osha wavu kwa maji mengi ili vumbi lisiishie tumboni mwa samaki. Kwenye tangi la maji baridi kama langu kidokezo hiki kina uzito zaidi, kwa kuwa mwani wa maji baridi huota nyuzi ndefu nyembamba zenye mshiko dhaifu kuliko ule wa maji ya chumvi.

5. Bomba lenye ufa, na fundi asiyeamini

Wavu unaning'inia kutoka kwenye bomba la PVC lililopasuliwa kwa chini. Bomba la robo tatu inchi linatosha. Ufa uwe wa upana wa milimita 3, ulionyooka, urefu wake ukizidi kidogo upana wa wavu. Ukingo wa juu wa wavu unaingia ndani ya ufa, na maji yanashuka pande zote mbili kwa usawa. Mwisho wa bomba ni kifuniko, mwanzo wake ni kiungio kinachopokea mpira wa pampu. Vifungio vya plastiki vya kubania nyaya vitaushika wavu usichomoke.

Fundi wangu aliniangalia kwa huruma. "Kaka, mimi watu huniita kuziba nyufa. Wewe unaniita nilipasue bomba jipya?" Nilimweleza mara mbili, akalipasua kwa msumeno wa kawaida, akishikilia ubao ulionyooka pembeni kama rula. Kazi ilikuwa safi. Kifuniko mwambie asikigundishe. Kikaze kwa mkono tu, kwa sababu utahitaji kukifungua. Nitakuambia kwa nini kwenye namba 11.

Kuhusu mahali pa kukaa: unaweza kuning'iniza wavu moja kwa moja juu ya tangi, ncha ya chini ikigusa uso wa maji. Ikigusa, maji yanashuka kimya. Ikibaki hewani hata kwa sentimita tatu, utasikia kama mtu anaoga bafuni usiku kucha. Wengine hutumia boksi la plastiki lenye tundu chini linalorudisha maji tangini. Vyovyote iwavyo, weka kipande cha plastiki angavu kati ya wavu na taa. Matone yanaruka, hata kama hakuna anayeyaona.

6. Pampu: lita 50 kwa kila sentimita

Kila sentimita ya upana wa wavu inataka lita 50 hivi za maji kwa saa. Upana wa 10, lita 500. Lakini usinunue pampu iliyoandikwa 500, kwani namba ya kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Ikipandisha nusu mita au mita nzima, nguvu inapungua sana. Nilinunua ya lita 1000 na ninaipunguza kwa valvu.

Jaribio ni rahisi: weka ndoo ya lita 20 chini ya wavu, washa, tazama saa. Ikijaa ndani ya dakika mbili na sekunde ishirini na nne, una lita 500 kwa saa. Maji yafunike wavu wote kama shuka, pasiwe na mstari mkavu hata mmoja.

7. Taa, au jinsi nilivyofungua grosari

Mwani hauna haja na taa nzuri za kupendezesha samaki. Unataka mwanga mkali, karibu, kwa saa nyingi. Taa za LED za kukuzia mimea, zenye wekundu wa nanomita 660, zinafanya kazi vizuri sana. Zile nyeupe zenye umanjano, za kelvini 2700 hadi 3000, nazo zinafaa na zinapatikana kila duka la umeme. Nyeupe yenye ubuluu, ile ya kwenye maduka ya simu, iache. Kwa wavu kama wangu, taa moja ya wati 6 hadi 10 kila upande inatosha, ikikaa sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye wavu.

Saa? Kati ya 14 na 18 kwa siku. Usiwashe saa 24. Mwani nao unahitaji giza. Mimi nawasha saa kumi na mbili jioni na kuzima saa nne asubuhi, na si kwa bahati. Usiku, taa ya tangi ikizimwa, samaki wanaendelea kupumua na kutoa kabonidioksidi, nayo inashusha pH. Mwani ukiwa unafanya usanidinuru wakati huo huo, unaifyonza hewa hiyo na kurudisha oksijeni. Maji yanabaki tulivu usiku kucha. Kwa mbuna, wanaopenda maji magumu yenye pH karibu 8, utulivu huo ni neema.

Kasoro yake ni moja. Nilichagua zile taa nyekundu, sebule ikawa inawaka rangi ya waridi usiku wa manane, pazia jembamba. Wiki ya pili jirani akanisimamisha getini, kwa heshima zote: "Jirani, hongera, naona mmefungua grosari." Nunua bati jembamba au kadibodi, uzibe pande zinazotazama dirisha.

Na umeme, tafadhali. Maji na soketi havifahamiani. Kila waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likiteleza juu ya waya lidondokee sakafuni. Ekstenshen iwe juu, ukutani, kamwe isiwe sakafuni chini ya tangi. Na kama nyumba yako haina swichi inayojikata umeme unapovuja, mwite fundi umeme kabla hujamwita fundi bomba.

8. Panda mbegu

Mwani utakuja wenyewe, ila ukitaka kuuharakisha, kwangua kidogo ule wa kioo chako na uusugue kwenye wavu kabla ya kuwasha pampu. Usichukue wa kwenye pipa la nje au mtaroni. Humo kuna viluwiluwi vya mbu na wadudu wengine usiowajua majina.

9. Wiki za kahawia

Siku ya tatu au ya nne utaona kamasi ya kahawia. Utavunjika moyo. Utasema umeliwa pesa. Hapana, ndivyo unavyoanza. Ni viumbe vidogo vya utangulizi vinavyotandika kitanda. Ifikapo siku ya saba, toa wavu, futa kamasi kwa vidole taratibu, rudisha. Mara ya pili utakuta ukijani pembezoni. Wiki ya tatu au ya nne, nywele.

Kuanzia hapo, rangi ndiyo daktari wako. Kijani kilichokoza: endelea hivyo hivyo. Kahawia au cheusi chenye utelezi baada ya mwezi mzima: maji yana chakula kingi kuliko mwanga ulioweka, kwa hiyo sogeza taa karibu, ongeza saa, na uvune mapema zaidi. Manjano, kama mpira wa viatu uliochakaa: mwanga umezidi chakula, au madini ya chuma yamekuwa haba majini, punguza saa mbili tatu uone. Usibadilishe mambo matatu kwa mpigo. Badilisha moja, ngoja wiki, tazama.

Kioo cha tangi hakitasafishika mwezi wa kwanza, nakuonya. Mwani wa kioo umeshashika mizizi na hautaondoka kwa adabu. Kwangu ilichukua wiki kumi kabla sijagundua kwamba kikwaruzo changu kimekaa mwezi mzima bila kazi.

10. Siku ya kuvuna

Kila siku 7 hadi 14. Weka alama kwenye kalenda, kwa sababu jicho litakudanganya: wavu uliojaa unapendeza, unatamani kuuacha ujae zaidi, umwonyeshe shemeji. Ukizidisha wiki tatu, tabaka la juu linalifunika la chini lisipate mwanga, la chini linakufa, linaachia, na mkeka mzima unaanguka tangini. Kila kilichonyonywa kinarudi majini kwa usiku mmoja.

Zima pampu, zima taa, chomoa wavu, nenda nao kwenye sinki. Vuta kwa vidole kwanza, kisha kwangua kwa kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake. Pande zote mbili. Lakini usikwangue mpaka plastiki ing'ae! Acha utando mwembamba wa kijani, hiyo ndiyo mbegu ya wiki ijayo. Suuza kwa maji ya bomba haraka haraka. Klorini kidogo haitaua kilichobaki. Yote yanachukua dakika kumi.

Sabuni? Hata tone. Dada wa kazi aliwahi kunihurumia, akauosha wavu wangu pamoja na vyombo, kwa nia njema kabisa, ukawa mweupe pe. Nilimshukuru, nikausuuza kwenye ndoo tatu za maji, nikaanza upya kutoka kwenye kamasi ya kahawia. Sasa wavu unaning'inia na kikaratasi: USIOSHE.

11. Kwa nini kifuniko hakigundishwi

Mwani hausomi mipaka. Ukipata mwanga kidogo unaopenya kwenye ufa wa bomba, utaota ndani ya ufa wenyewe. Unaziba sehemu, na maji yaliyonyimwa njia ya chini yanatafuta ya pembeni. Nilirudi kutoka msibani Morogoro nikakuta mshipi mwembamba wa maji unapiga ukutani kama bomba la umwagiliaji, zulia limelowa hadi chini ya kochi, tangi limepungua kiganja kizima, na samaki wakinitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye kosa. Na nilikuwa ndiye.

Tiba: zungushia bomba utepe mweusi au kipande cha mpira wa baiskeli, ufa usione mwanga. Kila unapovuna, fungua kifuniko, pitisha mswaki wa zamani ndani ya bomba na kwenye ufa. Na tangi usilijaze hadi ukingoni.

12. Umeme ukikatika

Pampu ikisimama, wavu unabaki hewani. Kwa joto la Dar, saa chache zinatosha kuukausha. Ukiwa nyumbani, ulowanishe kwa maji ya tangi kila baada ya muda, au uchomoe uuzamishe ndani ya tangi hadi umeme urudi. Ila kwanza waangalie samaki, maana ndio wanaokosa oksijeni. Pampu ndogo ya hewa ya betri ina thamani kuliko mwani wote.

Jambo lingine dogo lililonisumbua mwezi mzima: taima ya kuzungusha, ile yenye vipini pembeni, inasimama umeme ukikatika. Ukikatika saa tatu, nayo inachelewa saa tatu, na haijisahihishi. Nilikuja kukuta taa ya kichujio inawaka adhuhuri pamoja na ya tangi, na pH ikipanda mchana na kuporomoka usiku. Nunua ya kidijitali yenye betri ndani, au jizoeze kuirekebisha kila umeme unaporudi.

13. Filta ya zamani ibaki, na maji uendelee kubadilisha

Usiing'oe filta siku unayowasha kichujio. Bakteria wake ndio wanaowalinda samaki wiki zote za kamasi ya kahawia. Pima amonia na nitriti, vyote viwe sifuri. Nitrati ukiiona chini ya miligramu 20 kwa lita kwa wiki kadhaa mfululizo, mambo yameiva. Mimi filta nimeiacha hadi leo.

Maji je? Nilikuwa nabadilisha robo ya tangi kila wiki, siku hizi kila baada ya wiki tatu. Mwani hauli kila kitu, na unatumia madini ambayo maji mapya yanayarudisha.

14. Mavuno

Kila wiki na nusu napata donge la kijani la ukubwa wa ngumi ya mtoto, likishakamuliwa. Mbuna wangu wanalijua. Kwao Ziwa Nyasa wanashinda juu ya miamba wakikwangua utando wa mwani mawe yanapopata jua, na matumbo yao ni marefu kwa ajili ya chakula cha namna hiyo. Ukiwalisha nyama nyama kila siku, wanaweza kuvimba tumbo na kufa. Kwa hiyo nawabania kibonge kidogo kwenye jiwe, wanakishambulia kama kuku waliomwagiwa mtama. Ni kidogo tu, kwa sababu kila ninachorudisha majini kitabidi nikivune tena.

Linalobaki linavuka ukuta. Jirani yule wa grosari ana matuta mawili ya mchicha, na siku hizi nikichelewa kuvuna ndiye anayenipigia simu.